Mpira Umepauka

Waliompa jina la Sikio hawakumpendelea. Miaka ile mtu yule alikuwa anakaa kwenye benchi la gereji yake, kikombe cha chai mkononi, gari likapita barabarani, naye akasema bila hata kugeuka, "Huyo beringi ya nyuma kushoto, mwezi hauishi." Na kweli mwezi ulikuwa hauishi. Mteja akishuka na kuanza kueleza, Sikio anamnyamazisha kwa kidole: "Wewe tulia, acha gari lijieleze lenyewe." Basi gari linajieleza. Alikuwa na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono mmoja. Ncha hii anaibana sikioni, ile anaitembeza juu ya injini, kiungo kwa kiungo, na palipo na ugonjwa anapagonga kwa ukucha. Mashine ya kupimia hakuwa nayo. Waliomshauri anunue aliwaambia Mungu alishampa mbili bure, moja kila upande wa kichwa.

Sasa niambie, mtu aliyeitwa Sikio maisha yake yote, siku sikio lenyewe likianza kufa, atamwambia nani?

Wala halikufa kwa kishindo. Sauti nene zilibaki zote: ngurumo ya injini, nyundo, mlango ukibamizwa, mkewe akimwita kutoka uani. Nyembamba ndizo zilizoondoka, moja baada ya nyingine, bila kuaga. Nyenje wa jioni walinyamaza, akadhani wamehama kwa sababu ya nyumba mpya zinazojengwa. Birika la filimbi likaacha kulia, akasema siku hizi vitu vinatengenezwa ovyo. Watu nao wakaanza kumumunya maneno, na hao aliwalaumu sana, kwamba hawafungui midomo, wanaongea kama wamekula ugoro. Akajifunza kutazama midomo, kucheka wenzake wanapocheka, na penye shaka kuitikia "naam, naam." Kwa ndani alikuwa anajua. Ila kuna jambo mtu hulijua kisha akaliwekea kitu juu, na kitu kingine juu ya hicho, mpaka akasahau kuwa limo.

Ndipo hospitali ikaleta pikapu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Pikapu ile ilifungwa bodi nyuma ya kubebea wagonjwa, na injini yake ni ya dizeli yenye tabo, yaani ile feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hiyohiyo upepo mwingi kuliko ambao ingeuvuta yenyewe. Dereva wake, mtu mrefu mwenye subira ya kondoo, akaeleza shida. Kwenye tambarare haina neno. Ikiona mlima inakata pumzi, inatoa moshi mweusi tii, na ukikanyaga mafuta inapiga mluzi.

Neno mluzi Sikio alilipata kwenye midomo ya dereva. Mluzi wenyewe hakuupata. Walitoka na gari mpaka kile kimlima cha nyuma ya soko, dereva akakanyaga, watoto waliokuwa wanacheza kando ya njia wakaziba masikio, na Sikio, amekaa kiti cha mbele, alisikia injini ikikoroma kama kawaida yake.

"Unausikia?" akauliza dereva.

"Naam," akajibu Sikio. "Nausikia."

Na hapo, jamani, hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Angesema tu "mimi siusikii," hadithi ingekwisha.

Akili ya ufundi alikuwa nayo bado. Alijua moshi mweusi ni injini inayokula mafuta bila upepo wa kutosha, na upepo ukipungua jambo la kwanza ni kukagua mipira inayoutoa kwenye tabo na kuupeleka kwenye injini. Zamani kazi hiyo ilimchukua dakika moja na kile kipande chake cha mpira. Siku hiyo alikitembeza kila kiungo, mara mbili, huku dereva akivumisha gari, na kote kulikuwa kimya. Akajifanya anafikiri. Kisha akamwambia shemeji yake aingize kichwa akague kwa mkono.

Shemeji huyu ni mdogo wa mkewe, fundi wa umeme wa magari, wakimwita Waya kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Alikuwa na Sikio miaka kumi na mmoja. Alianza kwa kuchaji betri, na sasa injini alikuwa anaijua ndani na nje, cheti anacho, ila maneno hana. Sauti yake ya chini, na akiongea anatazama kazi, hakutazami wewe. Hospitali ilikuwa inatafuta fundi wake yenyewe, wa kuajiriwa, wa kukaa palepale na magari yao, na msimamizi wa magari wa hospitali alikuwa ameshamnong'oneza Waya kwamba jina lake lipo kwenye orodha. Dada yake Waya, mke wa Sikio, alikuwa anaiombea kazi ile kila siku.

Waya akaingiza kichwa chini ya boneti mpaka mabegani. Akapapasa mpira mmoja baada ya mwingine. Ule wa chini kabisa, upande usioonekana, karibu na klipu, kidole chake kikaingia kwenye ufa. Ulikuwa ufa wa hila: injini ikitulia unajifunga, upepo ukijaa unafunguka kama mdomo. Akasema, kichwa bado kiko ndani, "Mpira umepasuka."

Sikio alikuwa nyuma yake anafuta mikono. Alichosikia ni "mpira umepauka."

Na ubaya wa mambo, alipochungulia aliona ni kweli umepauka. Mpira wa miaka mingi, weusi umeshatoka, umebaki rangi ya majivu. Akacheka. "Kupauka ni uzee tu, shemeji. Hata mimi nimepauka, na milima bado napanda."

Fundi wa bodi waliyemwita Nyundo, mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi, alicheka mpaka akaweka kifaa chini. Dereva naye akacheka. Waya akatoa kichwa, akamtazama shemeji yake usoni kwa muda. "Kwa hiyo tuuache?"

"Uache. Shida ni tabo. Imechoka."

Waya akauacha. Usimlaumu. Miaka kumi na mmoja alikuwa amemwona mtu huyu akisema jambo ambalo hakuna anayeliamini, na jioni linatokea kweli. Akajiambia mzee kauona ufa, kaupima, kaona hauna madhara, na mimi ni nani. Heshima nzuri, lakini kuna siku inaua.

Tabo ikatolewa, ikafungwa nyingine, na Alhamisi pikapu ikaondoka bila kujaribiwa tena mlimani. Jumamosi ilipanda mlima kumfuata mama mwenye uchungu, ikashuka, na ilipopanda tena kuelekea hospitali, sasa imebeba watu, ikakata pumzi. Ilitambaa kwa gia ya kwanza, moshi mweusi nyuma, mluzi mbele, watu wakiipita kwa miguu. Mtoto hakusubiri. Alizaliwa kona ya tatu, nesi amepiga magoti kwenye sakafu ya pikapu na dereva anashikilia blanketi dirishani. Mama na mtoto walikuwa salama, na mpaka leo mtoto huyo anaitwa Kona. Lakini msimamizi wa magari hakuona cha kuchekesha.

Jumatatu akaja mwenyewe na gari. Ni mtu mfupi, nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Akamwambia dereva avumishe injini, akakunja mkono wa shati, akaingiza kidole kulekule chini, na kilipotoka akasema kwa sauti ambayo hata Sikio aliisikia vizuri, "Hapa upepo unatoka wote. Mpira umefunguka nusu ya kidole. Nani alikagua mipira?"

Sikio akainama akachungulia, akaweka kidole chake mahali palepale, na upepo ukampiga kwenye ncha ya kidole. Mluzi hakuusikia hata hapo. Moyo wake ukashuka, na kabla haujafika chini mdomo ulikuwa umeshatangulia.

"Waya," akasema. "Mipira nilimpa Waya."

Msimamizi alikuwa ameshageuka kwenda bombani kunawa. Injini inanguruma bado. Waya akamtazama Sikio, akasema neno moja kwa ile sauti yake ya chini, midomo imesogea kidogo tu. Sikio akalikisia. Mtu aliyekosa anasema nini? Anasema samahani.

"Samahani haipandishi gari mlima," akamjibu.

Nyundo aliinamisha kichwa.

Msimamizi aliporudi anapangusa mikono kwa leso, akamvuta Sikio pembeni. "Fundi, wewe ndiye unayemjua. Ijumaa napeleka majina. Shemeji yako nimwandike au nisimwandike?"

Kulikuwa na nafasi ya kusema mambo mengi. Angeweza kusema kijana ni mzuri, sote hukosea. Lakini angesema hivyo msimamizi angeuliza, basi kosa ni la nani, na swali hilo Sikio hakutaka lifike. "Fundi wa umeme mzuri," akasema. "Ila kwa injini macho hana. Usimwandike."

Waya alikusanya vifaa vyake siku hiyohiyo, kwenye ndoo, bila kugombana. Alimpa Nyundo mkono. Sikio hakumpa.

Nyumbani mkewe hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimpa chakula, alimpa maji ya kuoga, na katikati ya vitu hivyo hakumpa neno. Jumanne ikapita hivyo. Jumatano asubuhi Sikio alikuwa anavaa ovaroli lake, amempa mkewe mgongo, naye akatoka jikoni na ufagio mkononi akasema, kwa mara ya kwanza tangu juzi, "Ovaroli lako limepasuka huko nyuma."

"Kupauka si kilema," akasema Sikio, amefurahi walau wanasemezana. "Ni la kazi hilo, si la harusi."

Mkewe alimtazama, akaona ni ubishi wake wa siku zote, akaendelea kufagia.

Basi mtu mzima akatoka. Akapita mbele ya duka, akapita kwa washona viatu, akapita watoto wa shule waliokuwa wamepanga mstari, na mstari wote ukavurugika. Kutoka kiunoni kwenda chini mshono wa nyuma ulikuwa umeachia, na ndani kulikuwa na kaptura ambayo mkewe aliishona kwa pazia la zamani, maua makubwa mekundu. Sikio aliona watu wanatabasamu, akadhani ni wema wa asubuhi, akawapungia. Gereji nako hakuna aliyethubutu. Mzee ana hasira wiki hii, nani ataanza kumtajia makalio yake? Nyundo aligeukia ukuta, mabega yakitikisika.

Saa tano, jua limeshika, Sikio akakaa kwenye boneti ya gari moja ili avute pumzi. Akaruka juu kuliko umri wake unavyoruhusu. Akapeleka mkono nyuma. Mkono ukakuta pazia.

Akazunguka kuwatazama. Hakuna aliyemtazama.

Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, gunia amelifunga kiunoni, uso unawaka kuliko ile boneti. Mkewe alikuwa anachambua mchele. "Umeniacha nitoke hivi," akasema Sikio. "Mtaa mzima. Watoto wa watu. Hukuweza kuniambia?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia nini?"

"Nilikwambia limepasuka. Ukanijibu habari za harusi."

"Ulisema limepauka."

Mkewe akaacha mchele. Alimtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama kwa miaka, kama mtu anayepanga vitu vya zamani, birika, nyenje, watoto wanaoitikiwa kinyume, na vyote vinaingia mahali pake. Akanyanyuka, akaenda nyuma yake.

"Baba watoto, usigeuke. Nitasema maneno mawili. Niambie lipi ni lipi."

Akasema la kwanza. Akanyamaza. Akasema la pili.

Sikio alisubiri. "Sema na hilo lingine," akasema. "Hilo umelirudia."

Lakini mkewe alikuwa ameshayasema yote mawili. Na hapo, amesimama na gunia kiunoni, Sikio akaona kichwa cha Waya kiko ndani ya boneti, akasikia tena sauti ile ya chini, na safari hii neno likaja na herufi yake yote. Mpira umepasuka. Kijana alisema. Kidole chake kilikuwa kwenye ufa na akasema. Na lile neno moja la Jumatatu, midomo iliyosogea kidogo, haikuwa samahani. Ilikuwa "nilisema."

Watu husema wakiaibika wanatamani ardhi ipasuke iwameze. Yake yeye ingepauka tu, akabaki amesimama hapo.

Alikaa chini kwenye kizingiti. Mkewe akaja akakaa upande ambao anaweza kuonekana midomo. "Tangu lini?" akauliza.

"Sijui. Mwaka. Miwili."

"Na mdogo wangu?"

Sikio akamweleza. Alimweleza yote, na la samahani, na lile alilomwambia msimamizi pembeni. Kila sentensi ilitoka kama msumari wenye kutu. Alipomaliza mkewe alikuwa analia bila sauti, au labda kwa sauti nyembamba, hakuweza kujua.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema mkewe akijifuta. "Sasa wewe umeona afe mwenzako kwanza."

Ungedhani angekimbia hospitali palepale. Hakukimbia. Aibu ina miguu mizito. Mchana wa Jumatano alijiambia ataenda kesho. Alhamisi alijiambia labda Waya atapata kazi nyingine nzuri zaidi, kijana ana cheti. Akahesabu wateja watakaobaki wakijua. Fundi Sikio kiziwi, watacheka mpaka wapate kwikwi. Sikio la kufa halisikii dawa, atasema Nyundo, na atakuwa na haki. Alichukua kile kipande chake cha mpira, akakaa nacho kwenye gari la mteja, akakibana sikioni, na injini ikamwambia ngurumo tupu. Alikaa hivyo muda mrefu, kwa sababu watu walikuwa wanatazama na alitaka waone anasikiliza. Ndipo akajichukia hasa. Aliona kwamba hakuna siku itakayokuja ambayo atakuwa anafanya kitu kingine zaidi ya hicho.

Ijumaa saa mbili na nusu alikuwa mlangoni kwa msimamizi, ovaroli limeshonwa, kofia mkononi.

Chumba kilikuwa kidogo: meza, kabati la mafaili, funguo za magari zimening'inizwa kwenye ubao wenye namba. Bahasha ilikuwa juu ya meza, haijafungwa. Sikio aliiona akasema kabla hajakaribishwa kiti, maana alijua akikaa atasalimia, na akisalimia ataongea habari za hali ya hewa.

"Bwana msimamizi, Waya aliuona ule ufa. Aliniambia. Sikumsikia."

"Hukumsikia kwa kuwa kulikuwa na kelele?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa hapo. Angeitikia "naam," angetoka salama, Waya angeandikwa, na jina lingebaki. Neno lilishafika ulimini.

"Hapana," akasema. "Sikumsikia kwa kuwa sisikii. Sauti nyembamba zimeniondoka. Hata mluzi wa gari lenu sikuusikia, nilimdanganya dereva. Nilipoona umeshika ufa nikamtupia kijana. Nilikwambia hana macho. Macho anayo. Mimi ndiye sina masikio."

Msimamizi alivua miwani. Alimtazama Sikio, akatazama ubao wa funguo, magari tisa. "Na haya magari yetu, muda wote huu, umekuwa unayapima kwa kitu gani?"

"Kwa jina, bwana."

Msimamizi akavuta karatasi nyeupe akaisukuma mbele yake, na kalamu moja juu. "Andika hivyo hivyo ulivyosema. Nikitengua neno nililokwisha kumwambia mganga mkuu kwa mdomo, lazima nionyeshe sababu."

Sikio akaandika amesimama, ameinama juu ya meza, mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema. Aliandika *sikusikia*, akaona ameiruka s ya katikati, akaichomeka juu. Msimamizi alisoma polepole. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akasema, na alisema akimtazama Sikio usoni, midomo wazi, kila neno peke yake, tayari anaongea naye kama watu wanavyoongea na viziwi. "Aje Jumatatu na cheti chake. Magari yetu hayatakuja tena kwako, fundi. Unaelewa."

"Naelewa."

Sikio alimkuta Waya kwenye mashine ya kusaga nafaka, upande wa pili wa mji. Kulikuwa na lori la mwenye mashine, kichwa chake, pale anapokaa dereva, kimeinamishwa mbele, na Waya amejipenyeza chini yake kati ya injini na fremu, miguu tu inaonekana, ile ndoo ya vifaa pembeni. Mashine ilikuwa inasaga. Unga ulikuwa umetanda kila mahali, mpaka kwenye kope za watu.

Njiani Sikio alikuwa amepanga aanze na habari ya Jumatatu. Alipofika akaona hapana. Akitanguliza kazi ataonekana ananunua msamaha. Akachuchumaa karibu na ile miguu, akasema kwa nguvu ili aishinde mashine, na kwa nguvu hiyo wachukuzi sita wa unga waliokuwa pale, na mwenye mashine, na wanawake wawili wenye ndoo, wakasikia kila neno.

"Shemeji, uliniambia umepasuka. Mimi nilisikia umepauka. Masikio yangu yamekufa, ndiyo maana. Halafu ulisema 'nilisema,' nikakujibu kama mbwa. Na nilimwambia msimamizi asikuandike, nikijua nafanya nini. Leo nimekwenda nimemwambia ukweli, nimeandika na karatasi. Ulikuwa na haki, mimi nilikuwa na woga. Nimekukosea wewe, na dada yako."

Mmoja wa wachukuzi alikohoa. Miguu ya Waya haikutikisika. Sikio akabaki amechuchumaa, magoti yanamuuma, unga unamwangukia kichwani.

Kisha kutoka kule ndani Waya akasema kitu.

Ilikuwa ile sauti yake ya chini, uso umegeukia injini, na mashine inanguruma. Sikio alipata mtetemo na vipande viwili vitatu visivyoshikana. Huenda kasema nimesikia. Huenda kasema ishia zako. Watu wa pale wote walikuwa wamesikia, aliona kwenye nyuso zao, na wote walikuwa wanamtazama yeye atafanya nini. Zamani, yaani juzi tu, angetikisa kichwa akasema naam, naam, akaondoka na jibu alilolitunga mwenyewe.

"Sijasikia," akasema Sikio. "Rudia, tafadhali."

Miguu ikajikunja, Waya akajitoa taratibu, uso umejaa grisi na unga. Akakaa kwenye udongo, akamsogelea mpaka pua kwa pua, akasema polepole, kwa sauti ambayo miaka kumi na mmoja hajawahi kuitumia.

"Nimesema nishikie tochi."

Sikio akaichukua. Ilikuwa ya zamani, kioo kimepasuka. Akalala kifudifudi kwenye unga, akaielekeza pale kidole cha Waya kilipokuwa kinaonyesha, na akaishikilia hapo mpaka aambiwe vingine.